Chaki ya Fundi

Binti yangu Cibalonza alileta karatasi
imekunjwa mara nne kama noti ya kuficha:
nne juu ya ishirini.
Hesabu, mwaka wa tano.
Sikumuuliza kitu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Nikaanza kutafuta mwalimu wa jioni.
Kumtafuta Bukavu ni kama kutafuta kifungo
kilichoanguka kwenye sakafu ya udongo:
kila mtu anakwambia kiko papo hapo.

Wa Nguba alitaka dola ishirini kwa mwezi,
na pesa ya pikipiki, na chai yenye maziwa.
Wa Panzi alikuwa rahisi, tena mwenye maneno matamu,
akafundisha siku mbili, ya tatu akaomba mkopo.
Mwingine, mzee wa chuo, huyo alijua kweli,
lakini alizungumza na ukuta,
na ukuta ukaelewa, mwanangu akabaki.

Nilipanda ngazi zote za Kadutu,
nikashuka hadi Nyawera, nikauliza wauza sambaza,
nikamuuliza padri, nikamuuliza hata anayenidai.
Alicheka: "Fundi, lipa minervali kwanza."
Usiku Cibalonza alikaa kwenye mwanga wa simu
akiandika, akifuta, akiandika, akifuta,
mpaka karatasi ikatoboka
na nikaliona goti lake kupitia hesabu.

Ndipo akaja Zihindula, na suruali.
Imekwisha nyuma, alisema, kwa kukaa kungoja kazi.
Kijana mrefu, anachaji simu za watu pale Essence,
miaka yake minne ya fizikia iko ndani ya bahasha ya plastiki.
Nilikuwa nachora mkono wa blauzi ya harusi,
kiolezo cha gazeti juu ya meza,
ule mstari unaopanda begani, unageuka,
unashuka kwapani, unataka kupanda tena.
Aliweka kidole juu yake
kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.
"Mama, nani alikufundisha sinusi?"
Nikasema huo ni mkono wa blauzi.
"Ndiyo hiyo," akasema.

Akaviringisha gazeti likawa bomba,
akalikata mshazari, kwa mkasi wangu wa kitambaa
(mkasi ule haukati karatasi, nilimeza hasira),
akalifungua.
Wimbi. Wimbi zima mezani
kati ya matangazo ya vifo na bei ya saruji.

Cibalonza alisimama. Alichukua chaki yangu ya bluu,
akaandika moja pale juu begani,
hasi moja kwapani.
"Na kama mkono ni mnene?"
"Wimbi linarefuka."
"Na mkasi ukilala zaidi?"
Alimpa gazeti lingine, hakujibu.

Tulikubaliana Jumanne na Ijumaa:
yeye afundishe, mimi nishone.
Suruali, viraka viwili, na shati jeupe
la kwenda kuombea kazi.
Sasa wamekuwa watano. Murhula wa jirani,
mapacha wa Mama Nabintu wanaokalia marobota yangu,
na mmoja ambaye bado sijui ni wa nani.
Chaki inaisha. Meza imejaa pembe.
Juzi walisema habari ya kikomo,
kitu kinachokaribia, kinakaribia, hakifiki.
Nikasema hiyo naijua, ni mshahara wa baba yake.
Walicheka, kisha wakaandika.

Karatasi ya pili haikukunjwa.
Kumi na moja juu ya ishirini.
Si ya kuchinjia kuku, lakini aliiacha wazi
juu ya cherehani, nikaifanyia kazi pembeni.

Shati la Zihindula limebaki kola tu.
Kola ni kazi ya saa moja.
Wiki ya tatu hii namwambia uzi mweupe umekwisha,
na yeye anaitazama rola iliyojaa, rafuni, mbele ya macho yake,
anachukua chaki,
anaanza.